Nani Anaweza Kumuuliza? Urais, Bunge na Mji wa Mocímboa da Praia

Tunapojadili mifumo ya utawala darasani, mifano yetu huwa ile ile: Marekani kwa mfumo wa urais, Uingereza kwa mfumo wa kibunge. Katika insha hii napendekeza tulipime swali hili kutoka Mocímboa da Praia, mji wa bandari wa kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, huzungumzwa pamoja na Kimakonde na Kimakua. Mji huu umelipia kwa damu maamuzi yaliyofanywa mbali nao. Ukitazama mambo kutoka hapo, majina ya mifumo hupungua uzito, na hubaki swali moja: mtu aliyepewa madaraka juu yetu, nani anaweza kumuuliza, na amuulize lini?

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Katika mfumo wa urais, wananchi humchagua mkuu wa serikali kwa muda maalumu, na bunge haliwezi kumwondoa kwa sababu tu limekosa imani naye. Katika mfumo wa kibunge, serikali hutoka bungeni na huweza kuangushwa bungeni. Msumbiji iko katika kundi la kwanza. Rais ni mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na amiri jeshi mkuu, kwa kipindi cha miaka 5. Waziri mkuu yupo, lakini huteuliwa na rais na huondolewa na rais, kama ilivyotokea Machi 2022. Bunge lina viti 250, na likiukataa mpango wa serikali baada ya kuujadili, linaweza kuvunjwa. Yaani anayeuliza ndiye anayehatarisha kiti chake kuliko anayeulizwa.

Wanaoutetea urais wana hoja nzito. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, ikaingia katika vita virefu, na vita hivyo vilikoma kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Nchi iliyotoka huko, wanasema, ilihitaji sauti moja, kwa sababu serikali za bunge huweza kuvunjika kila vyama vinapogombana. Hofu hiyo ina msingi. Lesotho, yenye mfumo wa kibunge, ilifanya uchaguzi mkuu mara tatu kati ya 2012 na 2017 kwa sababu miungano ya vyama haikudumu. Watu wenye njaa ya amani hawawezi kulaumiwa wakimtaka nahodha mmoja.

Hata hivyo, hoja ya nahodha mmoja ina mashaka mawili. La kwanza ni kwamba kiti kimoja hakigawanyiki. Mocímboa da Praia iliyajua haya mwaka 2005. Mwezi Mei ulifanyika uchaguzi mdogo wa meya, na FRELIMO ikatangazwa kuishinda RENAMO kwa tofauti ndogo ya kura. RENAMO ilikataa matokeo na kumsimika meya wake. Mwezi Septemba wafuasi wa pande mbili walipigana mitaani na watu wakafa. Kwa kuwa Wamwani wengi walihusishwa na RENAMO na Wamakonde wengi na FRELIMO, ugomvi wa kura uligeuka kuwa ugomvi wa majirani. Mji uliokuwa umegawanyika karibu nusu kwa nusu ulipewa zawadi moja tu, na kila upande ukajua kwamba kuikosa ni kukosa kila kitu.

Zanzibar imepita njia kama hiyo. Baada ya matokeo ya chaguzi za 1995 na 2000 kubishaniwa vikali, watu waliuawa Januari 2001, hasa Pemba, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Julai 2010, takriban theluthi mbili ya Wazanzibari waliopiga kura ya maoni waliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo upande wa pili hupata nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais na sehemu ya mawaziri. Mpango huo haukumaliza matatizo. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa. Lakini ulikiri jambo ambalo urais mtupu haulikiri, kwamba aliyeshindwa naye ni mwananchi na ana haki ya kuwa na mtu ndani ya nyumba.

Tofauti hiyo ilionekana tena Msumbiji baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024. Baraza la Katiba lilimtangaza Daniel Chapo mshindi wa urais kwa zaidi ya asilimia 65, huku Venâncio Mondlane akipinga matokeo. Katika machafuko yaliyozunguka uchaguzi huo, asasi za kiraia zilihesabu zaidi ya watu 300 waliokufa. Bungeni, vyama vitatu vya upinzani vilipata jumla ya viti 79, yaani Podemos 43, RENAMO 28 na MDM 8. Viti hivyo si vichache. Lakini waandamanaji hawakupigania viti vya bunge. Walijua kwamba nguvu zote ziko kwenye kiti kile kimoja.

Shaka la pili linahusu swali niliyoanza nalo. Mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu za Msumbiji zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali, bila idhini ya Bunge ambayo katiba inaitaka. Mojawapo, ProIndicus, ilianzishwa kwa ajili ya ulinzi wa pwani. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilifichwa hadi ilipofichuka mwaka 2016, na uchumi wa nchi ukayumba. Tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi hapo Mocímboa da Praia, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Agosti 2020 wakauteka mji, ukabaki mikononi mwao kwa takriban mwaka mzima. Sisemi kwamba deni ndilo lililoleta vita. Nasema kwamba watu wa pwani walikopewa ulinzi ambao hawakuuona ulipohitajika, na hawakuwa na mtu wa kusimama bungeni akauliza kabla ya saini, “Hizo meli ziko wapi, na za nini?” Hata Julai 2021, wanajeshi wa Rwanda walipowasili na kuusaidia mji kukombolewa mwezi uliofuata, wapinzani walilalamika kwamba Bunge halikushirikishwa. Msaada ulikuwa wa heri. Lakini uamuzi wa kuingiza jeshi la kigeni nchini ukibaki kwa mtu mmoja, siku ukiwa wa shari hakutakuwa na wa kuuzuia.

Je, basi, tukibadili jina tukauita mfumo wetu wa kibunge, tutapona? Hapa nadhani tusijidanganye. Wabunge wa Msumbiji huchaguliwa kwa orodha za vyama. Mpiga kura huchagua chama, na chama ndicho kinachopanga majina. Mbunge anayetaka kurudi bungeni hutazama juu, kwa wanaoandika orodha, kabla ya kutazama chini, kwa wavuvi na wakulima wa jimbo lake. Ndiyo maana mikopo ile ilipofichuka, wabunge wa chama tawala waliipitisha katika hesabu za serikali, hadi Baraza la Katiba lilipoitangaza kuwa batili katika hukumu za 2019 na 2020. Ukimpa bunge la namna hiyo kazi ya kumchagua mkuu wa serikali, litamchagua yule yule anayeshika orodha. Afrika Kusini, ambako rais huchaguliwa na bunge, Thabo Mbeki mwaka 2008 na Jacob Zuma mwaka 2018 waliondoka kwa shinikizo la chama chao zaidi ya la bunge lenyewe.

Pamoja na hayo, naegemea upande wa bunge, na sababu yangu ni ya kimaadili. Watu wa pwani tunalijua vizuri neno amana. Zawadi ikishatolewa hairudishwi, na mtoaji hana haki ya kuuliza imetumiwaje. Amana hubaki mali ya mwenyewe, na aliyeiweka anaweza kuja wakati wowote akasema, “Nionyeshe.” Mwenzangu atanijibu kwamba amana nayo yaweza kuwekwa kwa muda, miaka 5 kwa mfano. Nakubali. Lakini hata ndani ya muda huo, mwenye mali hakatazwi kuja kuitazama, na akikuta inaharibika hakatazwi kuichukua. Mfumo unaomfanya mtawala asiulizike hadi kipindi chake kiishe umeigeuza amana kuwa zawadi.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mfumo ni wa kidemokrasia kwa kadiri mtu wa chini anavyoweza kuuliza na kujibiwa kabla madhara hayajatokea. Kwa Mocímboa da Praia, hilo lingeanza kwa mambo matatu. Mpiga kura achague jina la mbunge wake ndani ya orodha. Fedha za kukopa na majeshi ya kigeni visipite bila Bunge. Na wilaya zipate uongozi wa kuchaguliwa. Jambo hili la tatu liliahidiwa katika mageuzi ya katiba ya 2018, uchaguzi wa kwanza wa wilaya ukapangiwa 2024, kisha mwaka 2023 katiba ikarekebishwa na tarehe ikaondolewa. Wapo waliosema wilaya hazijawa tayari. Mimi nawauliza: wilaya iliyobeba vita tangu 2017 inangoja kukomaa kwa lipi tena, hata isiweze kumchagua anayeiongoza?