Mwenye Kusikia: Heshima na Haki ya Kusikilizwa

Neno heshima limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako hishma ni haya na staha aliyonayo mtu nafsini mwake. Lakini Waswahili walilitanua, likawa linataja pia kile anachostahili mtu kutendewa na wenzake. Ndiyo maana husemwa kwamba fulani "apewe heshima yake", na kimilikishi hicho kifupi kina uzito mkubwa, kwa kuwa kinakiri kwamba heshima ilikuwa ya mtu huyo hata kabla hajapewa, na kwamba anayempa hamfadhili. Katika yote yanayodaiwa kwa jina la heshima, la msingi ni kusikilizwa, maana mtu aweza kustahimili kunyimwa alichokiomba, ila ni vigumu mno kustahimili kunyimwa nafasi ya kukiomba.

Katika Uislamu suala hili lina kisa chake, nacho ndicho kilichoipa jina sura ya 58 ya Qurani, Al-Mujadila, yaani mwanamke anayejadiliana. Khaula binti Thaalaba wa Madina alitamkiwa zihari na mumewe, Aus bin Samit. Zihari ni kiapo cha zama za kabla ya Uislamu, ambacho mume humwambia mkewe kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake, na kwa tamko hilo unyumba hukatika. Khaula, aliyekwisha kuzaa na kuzeeka katika ndoa hiyo, alikwenda kwa Mtume Muhammad kushtaki, na kwa mujibu wa wapokezi jibu la kwanza halikumtuliza, kwani aliambiwa kwamba amekuwa haramu kwa mumewe. Hakuondoka. Aliendelea kujadiliana na kumlalamikia Mungu, mpaka ikashuka aya iliyotamka, kabla ya hukumu yoyote, kwamba Mungu ameyasikia maneno yake. Mpangilio huo si wa kupitwa haraka: kafara ya zihari, ambayo ni kumwacha huru mtumwa, au, kwa asiyeweza, kufunga miezi 2 mfululizo, au, kwa asiyeweza hilo pia, kulisha maskini 60, inatajwa baadaye kuwa ndiyo yampasayo mume; linalotangulia ni kwamba mke amesikiwa.

Kiswahili cha kila siku kimeielekeza sifa ya usikivu upande wa walio chini. Mtoto msikivu ni yule anayetii, na mke msikivu ni yule asiyebisha. Viongozi nao huitwa wasikivu, lakini aghalabu ni baada ya kutoa walichoombwa, kana kwamba kusikia na kukubali ni jambo moja. Hali ni kinyume katika majina ya Mungu, kwa kuwa As-Samii, yaani Mwenye kusikia, ni jina la Yule aliye juu ya wote, ambaye kusikia kwake hakumpunguzii enzi.

Tofauti hii haikomei vitabuni. Mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya Kenya ya 2010 inazitambua katika ibara ya 170 kwa mashauri ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, hupokea wanawake ambao kabla ya kufika hapo waliambiwa wavumilie na wasitoe nje siri za nyumba. Kusitiri aibu ya mwenzako ni adabu njema, wala haifai kudharauliwa. Lakini inapogeuzwa kuwa kizibo cha kinywa cha anayedhulumiwa, huwa imeacha kuwa adabu. Khaula aliyasema ya chumbani mwake mbele ya Mtume, na Qurani haikumkemea.

Kisa cha pili kina mafunzo mazito zaidi. Sura ya 80, Abasa, maana yake "alikunja uso", na wafasiri wengi wa Kisunni hueleza kwamba Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitaraji wasilimu, alipojiwa na Abdallah bin Umm Maktum aliyetaka kufundishwa, akakunja uso na kumgeuzia mgongo. Ndipo sura ikashuka kumlaumu. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu. Uso uliokunjwa hakuuona, na pengine hakujua kabisa kwamba umekunjwa, hata hivyo lawama ilikuja. Kwa hiyo wanaoieleza heshima kuwa ni hisia tu, yaani hali ya mtu kujiona amethaminiwa, wameishika nusu ya jambo, kwa sababu hisia yaweza kudanganywa kwa tabasamu na maneno matamu, ilhali haki ya asiyeona hubaki pale pale. Anayepuuzwa bila kujua amedhulumiwa sawasawa na anayejua.

Baadaye, Mtume alipokuwa safarini, mara kadhaa alimwachia Ibn Umm Maktum uangalizi wa Madina. Alikuwa pia mwadhini pamoja na Bilal: Bilal aliadhini usiku, kabla ya alfajiri kuingia, na waliotaka kufunga waliendelea kula daku mpaka waisikie sauti ya Ibn Umm Maktum.