Paka Wasio na Mwenyewe na Kipimo cha Huruma Yetu

Katika usharika wetu wapo watu wachache wanaojitolea kuwaokota paka waliotupwa, kuwalea kwa muda majumbani mwao, kisha kuwatafutia watu wa kuwachukua. Nasi tumo katika kazi hiyo. Swali tunaloulizwa kuliko yote, hata na wazee wa kanisa tunaowaheshimu, ni hili: Je, ni haki Mkristo kumnunulia paka dagaa hali jirani yake analala njaa? Swali hili lina uzito, na halifai kujibiwa kwa mzaha.

Tuanze na Neno. Katika vitabu 66 vya Biblia tunayoisoma, paka hatajwi hata mara moja. Anatajwa katika Waraka wa Yeremia, ulio miongoni mwa maandiko ambayo Luther, katika Biblia yake ya mwaka 1534, aliyatenga kuwa mazuri kusomwa ingawa hayalingani na Maandiko Matakatifu. Hata humo paka anatajwa tu kwa kukaa juu ya sanamu za miungu. Basi hatuna amri iliyoandikwa juu ya paka. Lakini Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa namna anavyomjali mnyama wake, na Kumbukumbu la Torati 25:4 inamkumbuka hata ng'ombe anayepura nafaka, asizuiwe kula.

Mtu aweza kusema, “Hapo panasemwa mnyama wake. Huyu wa jalalani ni wa nani?” Zaburi ya 24 inatujibu kwamba dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Paka asiye na mwenyewe mtaani anaye Mwenyewe mbinguni. Wanaomwogopa paka mweusi kwa sababu za uchawi nao wasikie hivyo hivyo: ni kiumbe cha Mungu, na Kristo amekwisha kuzivua nguvu zote za giza.

Sasa turudi kwa jirani mwenye njaa. Mvulana mmoja wa darasa la Kipaimara alituletea watoto wanne wa paka ndani ya kiroba. Mama yake alikuwa amemtuma akawatupe jalalani. Wengine walimlaumu mama yule. Tulipokwenda kwake tulikuta mjane anayeuza mboga, mwenye chumba kimoja, na paka anayezaa kila baada ya miezi michache. Paka jike hubeba mimba kwa muda wa kama miezi miwili tu, na aweza kushika mimba nyingine hata kabla watoto hawajaacha kunyonya. Mama yule hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka, na hakuna aliyemwambia kwamba paka aweza kufungwa kizazi.

Tulichanga, daktari wa mifugo akamfunga paka wake kizazi na kumchanja chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka naye huweza kumwambukiza mtu. Je, siku ile tulimhudumia paka au tulimhudumia mjane? Hatuwezi kuwatenganisha. Mtoto wake pia alihudumiwa, kwa maana mkono unaozoezwa kutupa kilicho hai jalalani hujifunza jambo, na mkono unaozoezwa kulisha hujifunza jambo jingine. Katika mwisho wa kitabu cha Yona, Mungu anawahesabu watu wa Ninawi, zaidi ya 120,000, wala hawasahau wanyama wao. Hakuwashindanisha.

Hata hivyo shilingi ni shilingi, na ikitumika hapa haitumiki pale. Kwa sababu hiyo hatugusi sadaka wala mfuko wa diakonia kwa ajili ya paka. Kila mmoja wetu hutoa katika posho yake mwenyewe, na anayeona wito huu unamfanya awasahau wagonjwa wa mtaa wake tunamwomba apumzike kwanza. Wito wa mmoja si mzigo wa kila mtu.

Lakini jambo gumu kuliko fedha ni kusema hapana. Watoto wa paka wasiofikisha wiki nne hulishwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, tena si kwa maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa huwaharisha. Paka wakisongamana, ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Hivyo nyumba zetu tatu za malezi zikijaa, hatupokei tena, hata boksi likiletwa mlangoni na macho yanatutazama kutoka ndani. Tunampa aliyewaleta maelekezo, tunamwazima bomba la kunyweshea, naye anakwenda nao. Wengine hufa. Usiku wa namna hiyo hatulali vizuri.

Hapo ndipo imani inapopimwa. Huruma ya Mungu haina mipaka. Yetu inayo, na kuikiri mipaka hiyo si ukosefu wa upendo. Mwokozi ni mmoja, wala si sisi. Kama wokovu wetu ungetegemea idadi ya paka tuliowaokoa, lile boksi moja lingetuhukumu. Kwa kuwa tumehesabiwa haki kwa neema, tunaweza kufanya kidogo kwa uaminifu na kumwachia Bwana yaliyobaki.

Ndivyo ilivyo na kumtoa paka tuliyemlea. Mkulima anakuja akimtaka kwa sababu panya wanamaliza mahindi ghalani; binti mwingine anamtaka wa kukaa naye tu. Wote wawili tunawauliza yale yale: atakula nini, atalala wapi, hatafungwa kamba, na akiugua atapelekwa kwa nani? Wakitujibu vizuri, tunamkabidhi, ingawa moyo unauma. Tulimlea ili aondoke.

Ndugu msomaji, hatukuombi ulee paka. Tunakuomba ukitazame kile ambacho Bwana ameweka mlangoni pako, uwe mtu au mnyama, ukihudumie kwa kadiri ya nguvu ulizopewa, na wakati wa kukiachilia ukifika, ukirudishe mikononi mwake Yeye aliye Mwenyewe.