Hela ya Mboga na Haki ya Mezani

Kwa nyumba nyingi za Bombambili, hapa Songea, mahindi si kitu cha kununua kila siku. Yanatoka shambani, kama si Mletele au Lilambo basi kijijini kwa wazazi, na unga ukiisha debe jingine linapelekwa mashineni. Kwa hiyo anayetazama manunuzi ya jioni gengeni hauoni ugali hata kidogo. Anaona vile vinavyouzunguka: fungu la nyanya, kitunguu kimoja, mafuta ya kupima, mnavu au majani ya maboga, dagaa wa Nyasa kwa kikombe, siku nyingine maharage nusu kilo. Vyote hivyo vinalipwa kwa fedha iliyoachwa asubuhi, hela ya mboga, ambayo mara nyingi ni noti moja tu. Ninachouliza hapa ni swali la imani. Je, namna noti hiyo inavyogawanywa ni jambo ambalo mtu atalitolea hesabu mbele ya Mungu, au ni shughuli ya jikoni isiyowahusu manabii? Nashikilia kwamba ni la kutolewa hesabu. Nashikilia pia kwamba dhambi inayoonekana katika manunuzi yetu ya kila siku si ulafi, ambao wahubiri wamezoea kuukemea. Ni upendeleo: nyumba inanunua kwa ajili ya mwenye nguvu, na asiye na sauti anapata kilichobaki.

Ushahidi wa kwanza uko wazi kwa kila anayeujua mkoa huu. Ruvuma ni kati ya mikoa inayolisha Tanzania. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Songea, na msimu wa kuuza foleni za magari ya mahindi hazimshangazi mtu. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano, 36 hivi wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa mingine ya mahindi, ilikuwa na hali mbaya zaidi. Dar es Salaam, ambako watu hununua karibu kila wanachokula, ilikuwa na udumavu mdogo kuliko mikoa hiyo yote. Ni kweli kwamba Ruvuma imepiga hatua, maana utafiti wa 2015 na 2016 ulionyesha 44. Ni kweli pia kwamba udumavu hauletwi na chakula peke yake. Maji machafu, maradhi ya mara kwa mara na mimba zinazofuatana vinachangia. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba mtoto wa Songea amedumaa kwa sababu nchi yake haina chakula. Chakula kipo. Swali linalobaki ni kinakwenda wapi, na kwa uamuzi wa nani.

Tuifuate safari ya debe moja. Mahindi yanafika mashineni, yanakobolewa kwanza, kisha kinachobaki kinasagwa kuwa sembe. Ganda na kiini vinatoka kama pumba, na pumba zinarudi nyumbani kwenye mfuko wake kulishwa kuku na nguruwe. Sasa, kiini ndicho chenye mafuta ya mahindi, na humo pamoja na kwenye ganda ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini na madini yake. Kuku anakula pumba, anataga, yai linapelekwa dukani, na fedha ya yai inanunua chumvi, mafuta ya kupima na vocha. Mtoto aliyetumwa mashineni na debe lile anabakiwa na unga mweupe. Hatua kwa hatua hakuna aliyefanya uovu: sembe inakaa muda mrefu kuliko dona isiyokobolewa, dona inawakumbusha wengi shule za bweni, na chumvi lazima inunuliwe. Ila ukizijumlisha hatua hizo zote unaona kwamba kila kilicho bora kimempita mtoto kikaenda kwingine. Mambo ni hayohayo kwa soya, ambayo Ruvuma inailima kwa wingi na kuipakia kwenye malori, huku uji wa mtoto ukikorogwa kwa sembe na sukari.

Sitaki kuwabeza wanaoliheshimu ghala. Katika Vita vya Majimaji, kati ya 1905 na 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na akiba za chakula hapa Ungoni, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Jamii iliyopitia hayo ina haki ya kuona gunia lililojaa kuwa ndiyo amani. Hoja yangu ni kwamba amani ile ilijengwa kwa ajili ya kutokufa, nasi tumeifanya kuwa kipimo cha kula vizuri. Magunia yakishakuwepo, mengine yote yanahesabiwa kuwa nyongeza, na nyongeza inakwenda kwa mwenye cheo. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Nyama ikiwa robo kilo, vipande vinamfuata baba na mgeni, watoto wanapata mchuzi. Na zipo imani zinazousindikiza mgawanyo huo, kama ile isemayo mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele. Inanishangaza kwamba miiko ya namna hiyo huwaangukia sana wanawake na watoto, tena kwa vile vyakula ambavyo miili yao inavihitaji kuliko miili mingine.

Dini zetu mbili kubwa zina neno juu ya jambo hili, na si neno dogo. Katika kitabu cha Kutoka, wana wa Israeli jangwani walikusanya mana ya siku moja moja, na ya aliyelimbikiza iliingia funza. Kisa hiki husimuliwa ili kufundisha tumaini, na ni sawa. Lakini kuna jambo linalopitwa kwa haraka: kipimo kilitolewa kwa kichwa, pishi moja kwa kila mtu aliyemo hemani, na idadi ya watu ndiyo iliyoamua. Mtoto alihesabiwa kuwa kichwa kizima. Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho, hakuwalaumu kwa kula kingi wala kidogo. Aliwalaumu kwa sababu walikusanyika kwa jina la Bwana, huku mmoja akishiba na mwenzake akiwa na njaa, akasema karamu ya namna hiyo si ya Bwana tena. Upande wa Uislamu, aya ya 233 ya sura Al-Baqara inampa baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Na katika Sahihi ya Muslim kuna hadithi inayotaja dinari zilizotolewa katika njia mbalimbali za kheri, kisha inaipa ujira mkubwa kuliko zote ile iliyotumika kwa watu wa nyumbani. Anayedhani matumizi ya jikoni ni kitu kidogo mbele ya Mungu atafakari mpangilio huo.

Songea ina ushahidi mwingine wa karibu. Wabenediktini wapo Peramiho tangu 1898, na kanuni wanayoishi kwayo, iliyoandikwa na Benedikto katika karne ya sita, ina sura nzima kuhusu chakula. Kwa kila mlo anaruhusu mapishi mawili, ili asiyeweza kula hiki ale kile. Mtunza stoo wa monasteri anaagizwa avitazame vyombo na mali zote za nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Lakini kinachonigusa zaidi ni jinsi Benedikto anavyogawa ukali na huruma. Ukali wa kanuni unawabana wenye afya na nguvu. Wagonjwa na walio dhaifu sana wanaruhusiwa nyama ambayo wengine wamekatazwa. Wazee na watoto wanaondolewa masharti ya chakula, wanaweza kula hata kabla ya saa iliyopangwa. Anayehitaji kidogo anaambiwa amshukuru Mungu, asimwonee wivu aliyepewa zaidi kwa udhaifu wake. Katika nyumba zetu nyingi mambo yamegeuka: mwenye nguvu anaongezwa, mdogo na mjamzito wanaambiwa wavumilie. Utaratibu huo umezeeka kiasi kwamba tunauita heshima, lakini sioni maandiko yanayoutetea.

Pingamizi kubwa ni la umaskini, na linastahili kujibiwa bila kukwepa. Mtu atasema: unazungumzia mgawanyo kwa watu wenye noti ya elfu mbili, watagawana nini? Nakubali kwamba ziko nyumba ambazo hela ya mboga haipo kabisa siku kadhaa kwa wiki. Nyumba hizo hazihitaji mawaidha. Mzigo wao unatuangukia sisi majirani na wanaopanga bei na mishahara. Nakubali pia kwamba kununua kidogo kidogo, mafuta ya kupima leo na kesho tena, si uzembe wala ukosefu wa mipango. Ni busara ya mwenye kipato cha siku. Lakini kati ya nyumba isiyo na kitu na nyumba yenye neema kuna nyumba nyingi sana za katikati, na hizo ndizo ninazozungumza nazo. Kwa kawaida yai moja bei yake ni ndogo kuliko chupa ya soda. Kikombe cha dagaa wa Nyasa kinalisha watoto watatu. Noti ni ileile, ila ina mambo ya kutangulia na ya kufuata, na kupanga huko ndiko ninakokuita uamuzi wa kimaadili.

Tena umaskini hauelezi ukubwa wa noti yenyewe. Kliniki, somo la lishe anafundishwa mama. Anaambiwa makundi ya vyakula, anaambiwa juu ya siku 1,000 tangu mimba inapotungwa hadi mtoto afikishe miaka miwili, anarudi nyumbani na elimu yote hiyo. Asubuhi anakuta mezani noti ambayo hakushauriwa juu yake. Kiasi chake kimeamuliwa na mtu mwingine, baada ya kutoa bando la simu na ulanzi wa jioni. Akipika mchuzi mwepesi, analaumiwa yeye. Haki haikubali mmoja aamue na mwingine aulizwe. Ndiyo maana nasema hesabu ya mezani inaanzia kwa anayeacha hela, kabla haijamfikia anayekwenda gengeni.

Wapo watakaosema baba anafanya kazi ngumu, mwili wake unataka zaidi. Kazi ngumu inahitaji chakula kingi, sibishi, na ugali upo wa kutosha kuijibu haja hiyo. Lakini mwili unaojengwa una haja ya aina nyingine. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo, hawezi kupata anachohitaji kwa kula ugali mwingi zaidi. Lazima kile kidogo anachokula kiwe kizuri. Na kama kazi ngumu ndiyo kigezo, basi wanawake wanaolima, wanaobeba maji na kuni, tena wengine wakiwa wajawazito, wangekuwa wa kwanza kupewa firigisi.

Pingamizi jingine nalichukulia kwa uzito zaidi: kwamba kusoma kapu la mtu ni kumhukumu. Gengeni macho ni mengi, na mama anayenunua nyanya tatu anajua anatazamwa. Hapa napaswa kujiwekea mpaka. Kapu halionyeshi kila kitu. Halionyeshi matembele ya nyuma ya nyumba, maziwa aliyoleta shangazi, kumbikumbi wa msimu wa mvua, wala mihogo iliyotumwa kutoka kijijini kwa bodaboda. Jirani anayehukumu kwa kutazama mfuko atakosea mara nyingi, na hata akipatia hana mamlaka hayo. Mwenye haki ya kulisoma kapu ni mwenye nyumba, kwa sababu yeye peke yake anajua kilichokuwepo, kilichouzwa, na aliyekula mwisho. Manunuzi ya siku thelathini ni kumbukumbu ya nani alikumbukwa na nani alisahauliwa, na inampasa aisome mwenyewe jinsi anavyosoma dhamiri yake kabla ya kuungama au kabla ya mwezi wa toba.

Nawaomba mapadre, wachungaji na masheikh wa Songea wasiwaachie maafisa lishe peke yao jambo hili. Kwaresima na Ramadhani tayari vinaingia jikoni na kuamua saa ya kula; dini haiwezi kudai kwamba kilichomo sufuriani hakiihusu. Yesu aliwakemea waliojificha nyuma ya neno korbani, wakitoa kwa Mungu kile walichopaswa kuwapa wazazi wao. Kwa kipimo hichohicho, trei ya mayai inayopelekwa madhabahuni na nyumba ambayo mtoto wake hajala yai mwezi mzima inastahili kuulizwa swali na anayeipokea. Na wewe msomaji, kama ndiye unayeacha noti mezani asubuhi, kabla hujatoka uliza jana mdogo wa nyumba alikula nini pamoja na ugali. Ukijibiwa kwamba alikula mchuzi, leo hela ya soda na iende kwenye yai lake.