Lete Mkono

Ukitaka kumjua mgeni Mokowe, mtazame akishuka jetini. Basi la Mombasa limeshamwaga abiria, mizigo iko chini, na boti za kuvukia Lamu zinapanda na kushuka mguuni mwa ngazi. Mgeni husimama ukingoni akiyakodolea macho maji. Nahodha humnyoshea mkono: "Lete mkono, dada." Mwenyeji akiambiwa hivyo hana la kuuliza. Hutoa mkono wake, husubiri wimbi liinue boti, na linapofika juu, palepale, hutia mguu. Mgeni huruka boti ikiwa inashuka, na jeti nzima hushika vichwa.

Nimekulia kwenye ngazi zile. Sikujua kwamba nilikuwa nafundishwa kucheza.

Nakuandikia wewe kijana wa Mokowe, wa Hindi, wa Mpeketoni, wa Faza, uliyepata kazi au chuo kwenye mji usikomjua mtu. Ijumaa jioni unarudi chumbani, unafunga mlango, unapika chai ya mtu mmoja, unaangalia picha za arusi za nyumbani kwenye simu. Mtaa wa pili kuna ukumbi wanakocheza salsa. Muziki unausikia. Umepita nje mara mbili ukijifanya una safari. Mara ya tatu ingia!

Mimi nilipita mara nne. Ilikuwa Nairobi, mwezi wangu wa pili pale, nimetumwa kikazi. Siku niliyoingia nilichelewa kusudi. Usiku wa salsa mara nyingi huanza na somo la wasiojua, na mimi sikutaka mtu anione nikijifunza. Basi nikafika somo limekwisha, taa zimepunguzwa, watu wamekwishazoeana. Nikaegemea ukuta na soda yangu mpaka ikapata moto mkononi. Kosa hilo usilirudie. Fika mapema. Katika somo la mwanzo kila mtu hajui, na wasiojua huzoeana upesi kuliko watu wengine wowote duniani.

Na hesabu yenyewe si mlima. Ni nane: moja, mbili, tatu, tulia, tano, sita, saba, tulia. Kwenye ile ya nne na ile ya nane hukanyagi hatua mpya, unauacha uzito utue. Mgeni wa salsa huharibu hapo hapo, kwa haraka. Lakini wewe? Wewe umesubiri wimbi tangu ukiwa na miaka mitano, umeshika kikapu cha mama mkono mmoja. Nilipoitazama miguu ya watu kutoka pale ukutani, nikaliona jambo hilo waziwazi: wimbi linapanda, tulia, kanyaga. Mwili wangu ulikuwa unaujua mchezo ule kabla sijaujua mimi.

Wala usidanganyike kwamba umeingia kwenye ngoma ya watu. Salsa ilipatia jina lake New York, kwa Wapuerto Rico na Wakuba waliohamia kule, lakini ngoma zilizo chini yake zilivushwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wao wakitoka bonde la Kongo. Kisha zikarudi. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za Kikuba zilifika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, vijana wakazishika wakazifanya rumba yao, na rumba hiyo ikatembea mpaka kwetu. Morogoro, Salum Abdallah aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Nairobi ikawa nyumbani kwa bendi ya Kikongo ya Les Mangelepa. Septemba 1974 mwimbaji Mkuba Celia Cruz na bendi ya salsa ya Fania All-Stars walipanda jukwaani Kinshasa, na Wakongo hawakuhitaji mkalimani. Kwa hiyo unapoingia ukumbini unaingia kwa jamaa waliopotezana kwa muda mrefu.

Nyumbani nako tuna ruhusa ile ile ya kuingia. Kwenye ngoma ya kirumbizi, zumari likilia na fimbo mbili zikigongana katikati ya duara, hakuna anayekudai jina la baba yako. Mmoja akitoka, unaipokea fimbo, unaingia. Ukumbi wa salsa una adabu hiyo hiyo: wimbo mmoja na mtu mmoja, unasema asante, unakwenda kwa mwingine. Mwanamke anaweza kukuomba. Mzee anaweza kukuomba. Ukikataliwa, omba kwingine bila kununa. Na mkono wa mwenzako ushike kama nahodha anavyomshika abiria, wa kuegemewa, usiwe wa kuvuta.

Najua wazazi wengi kwetu hawaridhii mwanamume na mwanamke wasio maharimu kushikana mikono. Ikiwa nawe ndivyo unavyoamini, shikilia imani yako, nami nakuheshimu kwa hilo. Mji una kasida, una timu za mpira, una madarasa ya jioni, nenda huko ukapate watu. Lakini kama kinachokuzuia ni woga mtupu, tafadhali usiuvishe kanzu ya dini. Uite woga, kisha uuchukue uende nao hivyo hivyo. Mimi niliingia nao.

Usiku ule woga ulikuwa bado umeshika magoti yangu wakati mama mmoja wa makamo, mwenye viatu vya kisigino kifupi na kitambaa cha kujifutia jasho begani, alipokuja moja kwa moja pale ukutani. Hakuniuliza kama najua. Alininyoshea mkono, kiganja juu.

Nikaiweka soda chini. Hatua tatu za kwanza nilikanyaga maji matupu. Akacheka kwa upole, akatikisa kichwa kwa mdundo mpaka nikaupata: moja, mbili, tatu, tulia. Katikati ya wimbo aliniinamia sikioni akauliza, "Mwanangu, unatoka wapi?"

"Mokowe."

"Ndiko wapi huko?"

Tano, sita, saba. Nikamwomba anisubiri wimbo uishe, nimweleze vizuri.