Joho Lililobaki Troa



Agosti imefika katikati na kipupwe kinaanza kulegea. Asubuhi ukungu bado unalala mabondeni mpaka jua lipande, lakini mchana upepo umekauka, na majani yaliyokuwa mabichi mwezi Juni sasa yanavunjika ukiyakanyaga. Mikorosho imechanua. Kwetu Chunyu, na kwa ndugu zetu wa pande zote za Ruangwa na Nachingwea, maana yake ni kwamba nyumba nyingi usiku zimebaki na wazee na watoto. Wenye nguvu wamehamia mashambani. Anayepulizia salfa huamka alfajiri, kabla upepo haujaanza, ili unga ushike vizuri wakati majani na maua yangali na umande. Akichelewa, salfa inapeperuka na fedha ya petroli imekwenda bure. Ugonjwa wa ubwiri unga haungoji mtu. Unapenda usiku wa baridi na ukungu kama huu tulio nao, na ua likiungua sasa, hapo Oktoba hapatakuwa na korosho ya kuokota.

Ndiyo maana wiki hii niliwakuta wachache kwenye jumuiya. Niliuliza habari za nyumbani nikajibiwa upesi upesi kwamba hakuna jipya, Padre, ni mambo madogo madogo tu. Nikavuta kigoda nikangoja, na hayo madogo yakaanza kutoka moja baada ya jingine. Mashine ya kupulizia ya baba mmoja imegoma, kwa hiyo jirani yake anamaliza shamba lake kwanza kisha anamwazima, na wote wawili hawalali. Kijana mmoja macho yamemvimba kwa salfa. Moto wa pori ulikaribia mikorosho ya mama mjane, na watu wakatoka usiku, Wakristo na Waislamu pamoja, wakaukata kwa matawi mabichi mpaka ukazimika. Mtoto wa darasa la saba anasomea kwa jirani mwenye taa ya sola, kwa sababu mtihani ni mwezi ujao na kwao taa imekufa. Bibi mmoja ameachiwa wajukuu, na kidonda cha mguuni hakifungi. Mzee mwingine anayelinda shamba peke yake analala kibandani na shuka moja jepesi, akiwaambia wanaopita kwamba hajambo.

Hayo ndiyo yaliyoitwa hakuna jipya.

Nawaomba jioni moja wiki hii mfungue Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, msome mpaka mstari wa mwisho. Wengi tunaifahamu sehemu ya katikati, pale mtume anapotazama maisha yake yote kama vita alivyovipigana na mwendo alioumaliza. Tunaisoma kwenye misa za mazishi. Wahubiri tumezoea kuishia hapo na kufunga kitabu, kana kwamba kilichobaki ni orodha ya majina tu. Lakini Paulo mwenyewe hakuishia hapo. Yuko kifungoni, anajua kwamba kifo chake kiko karibu, na mara tu baada ya maneno hayo mazito anaanza kueleza mambo ambayo sisi tungeona aibu kuyaandika katika barua ya mwisho. Demasi amemwacha. Luka peke yake ndiye aliyebaki naye. Marko aje, maana ana kazi ya kumfaa. Kuna joho aliloliacha Troa nyumbani kwa Karpo, Timotheo alipitie, pamoja na vitabu, na zaidi ya vyote vile vya ngozi. Erasto amebaki Korintho. Trofimo ameachwa Mileto, anaumwa. Na Timotheo mwenyewe afanye bidii afike kabla majira ya baridi hayajaingia.

Joho, vitabu, mgonjwa na majira ya baridi: Kanisa lilihifadhi habari hizi, likazinakili kwa mkono karne baada ya karne, na leo tunaziita Neno la Mungu pamoja na kila kitu kingine kilichomo humo. Halikuona kwamba ni mambo madogo ya kukata ili barua ipendeze.

Nimekaa na mistari hiyo kwa muda, na linalonigusa zaidi ni kwamba kila habari ndani yake ina mzigo ambao lazima mtu fulani aubebe. Paulo haandiki habari za joho ili Timotheo ajue tu kwamba Paulo ana joho. Anaandika kwa sababu kuna mtu wa kupita Troa, kuna mlango wa kubisha, kuna Karpo wa kusalimia, na kuna kitu kizito cha kubeba safari yote. Habari za Trofimo nazo ni hivyo hivyo. Matendo ya Mitume yanatuambia Trofimo alikuwa mtu wa Efeso, na Timotheo ndiye aliyeachwa Efeso kulilea Kanisa la huko. Mileto haiko mbali na Efeso. Kwa hiyo aliyelala mgonjwa Mileto alikuwa mtu wa kwao, na aliyeandikiwa alikuwa na uwezo wa kwenda kumwona.

Tena tazameni. Huyu ni Paulo yule ambaye huko huko Efeso watu walichukua vitambaa vilivyogusa mwili wake wakawapelekea wagonjwa, wakapona. Trofimo hakuponywa. Paulo aliendelea na safari akamwacha na ugonjwa wake, na sababu haikuandikwa. Alichofanya ni kumtaja kwa jina katika barua, mahali ambapo mtu wa kumsaidia angelisoma jina hilo. Napata faraja kubwa hapo. Wengi wetu hatuna uwezo wa kuponya kidonda cha bibi yule, lakini kumtaja mbele ya mwenye pikipiki anayekwenda upande wa hospitali hakutushindi.

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15, imetupa Injili ya Maria kwenda kwa Elizabeti. Rudini nyuma kidogo msome jinsi safari ile ilivyoanza. Malaika amemletea Maria habari ambayo hakuna binadamu aliyewahi kupewa, habari inayomhusu yeye mwenyewe, mwili wake na maisha yake yote. Kisha, kando ya habari hiyo kuu, anamtajia ndogo: jamaa yako Elizabeti, katika uzee wake, ana mimba ya miezi 6. Maria angeweza kubaki na habari yake. Ilikuwa inatosha kumshughulisha mwaka mzima. Lakini Luka anatuonyesha msichana huyu akiondoka kwa haraka kuelekea nchi ya milimani, na kilichomwinua ni ile habari ndogo ya mtu mwingine. Akakaa huko karibu miezi 3. Mama mzee mwenye mimba ya kwanza, mume wake hawezi kusema, unajua ni kazi gani zilimngoja Maria katika nyumba ile: maji, kuni, chakula, kufua. Injili haizitaji, lakini akina mama wa Chunyu hawahitaji kuelezwa.

Agosti ina kumbukumbu nyingine katika ardhi yetu hii, na sipendi tuipite kimya. Tarehe 14 Agosti 1905, wakati vita vya Majimaji vimeanza kuenea kusini, Askofu Kasiani Spiss, Mbenediktini, aliuawa Mikukuyumbu akiwa njiani kuelekea Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi huo huo misheni ya Nyangao ilishambuliwa. Majina ya wamisionari hao tunayo, yameandikwa, tunayaombea, na ni haki. Lakini vita vile vilipozimwa, baada ya vyakula kuchomwa na mashamba kuachwa, njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Walikuwa Wamwera, Wangindo, Wamatumbi na wengine wengi: bibi zetu, mababu zetu na watoto wao. Majina yao yako wapi? Nani aliandika kwamba mama fulani wa bonde fulani alibaki na watoto na hana mbegu? Hawakukosa habari. Walikosa mtu wa kuzibeba mpaka mahali penye msaada, na waliokuwa na kalamu wakati ule hawakuwahesabu kuwa watu wa kuandikwa. Tukiadhimisha misa ya marehemu mwezi huu, nitawaombea wote, wenye majina na wasio na majina mbele yetu, maana mbele ya Mungu kila mmoja anaitwa kwa jina lake.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliamua kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogo, mahali ambapo watu wanafahamiana kwa nyumba na kwa maisha ya kila siku. Katika parokia yenye vigango vilivyotawanyika, mtu anaweza kukosa misa mwezi mzima bila mtu yeyote kugundua. Katika jumuiya ya nyumba kumi au kumi na tano, akikosekana Jumamosi moja anaonekana. Ninapoona jumuiya zetu zimegeuka kuwa mahali pa kusoma haraka, kukusanya michango na kutawanyika, moyo unaniuma. Mchango ni lazima, sibishi. Lakini jumuiya isiyojua kwamba mwanachama wake analala baridi shambani, hata ikitimiza mchango wote, haijaanza kazi iliyoundwa kuifanya.

Kuna habari moja ambayo ni ndogo kwenye karatasi na kubwa ndani ya nyumba: malipo ya ufuta. Minada imepita, fedha zimeingia kwenye akaunti kupitia vyama vyetu vya ushirika, AMCOS, na wengi wa wenye akaunti ni wanaume. Mke amepalilia, amevuna, amepiga ufuta na kupepeta, kisha hajui kilichoingia. Akiuliza anaambiwa bado hawajalipa. Ndugu zangu wanaume, nasema kwa upendo na bila kuzunguka: kumficha mwenzio malipo ya jasho lake ni dhambi, na inayoumia kwanza ni karo, kisha chakula cha Januari, kisha ndoa yenyewe. Wengi mnakumbuka Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje na bei huku kwetu ikaanguka mpaka watu wakaacha kuvuna. Nyumba zilizozoea kuelezana zilikaa chini, zikasema ukweli, zikapunguza zilichopanga. Zilizoteseka zaidi ni zile ambazo mtu mmoja alibaki na habari hiyo kifuani, akakopa ili mwenzake asijue. Mbaazi za mwaka huu ndizo hizi zinaingia ghalani sasa. Kaeni pamoja kabla ya mnada, na mkae tena baada ya malipo, watoto wakubwa wakiwepo.

Na wale walio mbali, Dar es Salaam, Mtwara au Masasi, wanaongoja habari kutoka kwetu, msiwatumie tu habari za misiba na za kuomba fedha. Kijana aliyeko kazini mjini anahitaji kujua kwamba mwembe wa nyuma ya nyumba umechanua, kwamba mdogo wake amejifunza kuendesha baiskeli, kwamba mama yake anamtaja kwenye sala za jioni. Ujumbe wa sauti kwenye simu hauchukui dakika mbili. Kama shambani hakuna mtandao, mpeni anayekwenda barabarani autume kwa niaba yenu.

Kuanzia wiki hii naomba kila jumuiya, kabla ya kusoma Neno, ichukue muda wa kutosha kuelezana habari za nyumba kwa nyumba, za Wakristo na za majirani zetu Waislamu pia. Katibu aandike, na mbele ya kila habari yenye mzigo aandike jina la mtu atakayeubeba. Jumamosi inayofuata tuanze kwa kuwauliza hao.

Za wiki hii nimekwisha kuzigawa baadhi. Bibi mwenye kidonda atapelekwa hospitali na kijana wa bodaboda wa jumuiya ya jirani. Petroli imechangwa, ila anahitajika mama mmoja wa kukaa na wajukuu siku hiyo. Mwanafunzi wa darasa la saba, mjomba wake amejitokeza, kama mila yetu ya Kimwera inavyomtaka mjomba, na atanunua betri. Kijana mwenye macho yaliyovimba asirudi kupulizia mpaka apone. Wenye miwani ya kujikinga na vitambaa vya kufunika pua wawaazime wenzao. Njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba la mama mjane itafyekwa Alhamisi, tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila mtu na panga au jembe lake. Blanketi la mzee aliyeko kibandani liko kwa katekista. Nani anakwenda upande ule kesho?