Kuruta Aliyepiga Kelele

Katikati ya mwaka 1858 John Hanning Speke alimwacha Richard Burton mgonjwa hapa Kazeh, Tabora yetu ya leo, akaongoza msafara kuelekea kaskazini. Agosti alirudi akiwa ameliona ziwa aliloliita Victoria, na shuleni habari zake huishia hapo. Mimi hunisumbua zaidi habari ya miaka sita baadaye. Alasiri ya Septemba 15, 1864, Speke alikuwa akiwinda kwale na binamu yake katika mashamba ya Neston, Uingereza. Akapanda ukuta mfupi wa mawe, wa kuvukwa hata na mtoto, bunduki yake ya mitutu miwili ikiwa mkononi. Mtutu mmoja ukafyatuka, marisau yakamwingia chini ya kwapa. Haikuchukua muda akakata roho. Kesho yake ilikuwa akutane na Burton mjini Bath kujadiliana kuhusu chanzo cha Mto Nile, na kwa ajili hiyo wapo walionong'ona kwamba alijiua. Baraza lililochunguza kifo hicho liliamua kuwa ni ajali.

Speke hakuwa mgeni wa bunduki. Alikuwa ofisa wa jeshi kule India, amewinda kwenye milima ya Himalaya, na mwaka 1855 huko Berbera alichomwa mikuki sehemu nyingi za mwili akapona. Alipita njia hii ya misafara ambako homa na kiu vilizika watu wengi, akafika pwani mzima. Kisha ukuta wa mawe, nyumbani kwao, mchana kweupe.

Mji wetu nao umeishi na baruti muda mrefu. Misafara iliyokuwa ikiingia Unyanyembe, yaani eneo letu hili, ilitangaza ujio wake kwa milio ya bunduki, na Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome ya Mtemi Isike, yeye aliliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani. Tunazo kambi, tunao wastaafu wa jeshi kila mtaa. Ungedhani katika mji kama huu mazungumzo ya usalama wa silaha yangekuwa ya kawaida kama mazungumzo ya bei ya tumbaku. Sivyo. Risasi iliyompata mtu huzungumzwa mwaka mzima. Iliyomkosa haizungumzwi hata jioni ileile.

Ninayaandika haya kwa sababu mpwa wangu amemaliza kidato cha sita na amepangiwa kambi ya mafunzo ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mafunzo hayo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa 2013, na tangu hapo, msimu wake ukifika, nyumba nyingi hapa Isevya huwa na pilika za kununua raba, bukta na tochi. Mama yake anahangaikia baridi na mbio za alfajiri. Yeye mwenyewe aliniuliza jambo moja tu: "Mjomba, siku ya kulenga shabaha ikoje?"

Nilimweleza niliyoyaona enzi zangu za ukuruta, katika kambi ambayo sitaitaja.

Tulifika renji, yaani uwanja wa shabaha, jua likiwa bado chini. Bendera nyekundu imepandishwa, shabaha zimesimamishwa mbele ya kilima cha udongo, na sisi tunaambiwa kwa mara ya mwisho kwamba atakayechezea silaha atakiona. Mstari wa kwanza tukalala kifudifudi, viwiko mchangani, kitako cha SMG begani. Kulia kwangu alilala kijana mpole, hodari wa kwata kuliko sote. Alipiga risasi zake za mwanzo vizuri. Kisha bunduki ikagoma. Akabonyeza triga, kimya. Akabonyeza tena. Basi akafanya kile ambacho mwanafunzi mwenye adabu hufanya akikwama darasani: akageuka kumuuliza mwalimu.

Aliinuka kwa magoti, bunduki mikononi, na mtutu ukageuka pamoja naye. Ulipita juu ya mgongo wangu, ukawapitia waliolala kushoto kwangu, ukaja kusimama usawa wa kiuno cha koplo aliyekuwa nyuma yetu. Kidole cha yule kijana kilikuwa bado ndani ya triga. "Afande, imegoma," akasema, kwa heshima zote.

Koplo hakuwa akimtazama. Macho yake yalikuwa kwenye shabaha. Aliyeona ni binti mmoja wa mstari wa pili, aliyekuwa amechuchumaa akingoja zamu, na akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Afande, bunduki!" Koplo akageuka, akaudaka mtutu na kuuinua juu. Akachomoa magazini, akavuta koki, na risasi ikaruka kutoka kwenye chemba ikaanguka mchangani karibu na uso wangu. Niliiona kitako chake kikiwa na kidoa pale pini ilipogonga. Risasi ya namna hiyo huweza kuwa imekufa kabisa, na huweza pia kuwa imechelewa tu. Huwaka baada ya muda mfupi. Ndiyo maana mpigaji aliyefundishwa vizuri, silaha ikigoma, hukaa kwanza akiwa ameielekeza kwenye shabaha.

Jioni yule kijana alipewa adhabu. Na yule binti naye akapewa adhabu, kwa kupiga kelele mstarini bila amri. Waliruka kichura pamoja. Sisi wengine tulikula ugali wetu tukisema Mungu ametusaidia, na sikuona mtu yeyote akiandika neno juu ya jambo lile. Wiki iliyofuata kombania nyingine ilipelekwa uwanja uleule, ikapewa maelezo yaleyale.

Kanuni za kushika silaha si nyingi. Mmarekani Jeff Cooper, askari aliyeanzisha shule ya kulenga shabaha huko Arizona mwaka 1976, alizipunguza zikawa nne, na walimu wa sehemu nyingi duniani wanazifundisha hadi leo. Kila bunduki ihesabiwe ina risasi, hata kama umeikagua sasa hivi. Mtutu usielekee kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga. Ijue shabaha yako, na ujue kilicho nyuma yake. Ukizitazama utaona zimepangwa zisaidiane. Kidole kikiwa nje, mtutu uliogeuka kwa bahati mbaya haumuui mtu. Mtutu ukiwa umeelekea kilimani, kidole kilichoteleza kitatoboa udongo. Ili mtu afe renji, kwa kawaida lazima kanuni zaidi ya moja zivunjwe kwa pamoja.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kosakosa. Siku mtu anaponusurika, maana yake kinga moja ilibaki imesimama na nyingine zilikuwa zimeshaanguka. Pale kwetu kijana alikuwa amevunja tatu kwa mpigo mmoja bila nia mbaya hata chembe, na kilichotubakizia uhai ni risasi mbovu na sauti ya msichana. Anayesema "tumshukuru Mungu" na kuondoka ameacha mlango wazi. Mshukuru Mungu, ndiyo, halafu kaa chini uulize kwa nini mkufunzi mmoja aliachiwa mstari mrefu kiasi hicho, na kwa nini hakuna aliyetufundisha la kufanya silaha ikigoma.

Tuna msemo tunaupenda sana kwenye misiba: ajali haina kinga. Nimeusikia makaburini, nimeusikia kwenye vituo vya mabasi, nimeusikia kwa watu wenye vyeo. Siupingi kwa mfiwa, maana mfiwa anahitaji pa kushika. Naupinga kwa mwenye dhamana. Aprili 29, 2009, mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala, jijini Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kabla miaka miwili haijaisha, usiku wa Februari 16, 2011, ikawa Gongo la Mboto, ghala jingine, mji uleule, zaidi ya 20 tena. Msiba wa kwanza ulikuwa onyo la wa pili. Ni onyo la bei mbaya mno. Na kambi na viwanja vya shabaha hupata maonyo ya bure, yale ambayo hayakumjeruhi mtu, tukayaacha yapite.

Wala uzoefu wa mkufunzi peke yake hautoshi. Agosti 2014, kwenye uwanja wa shabaha wa burudani huko Arizona, binti wa miaka tisa alikabidhiwa Uzi, bunduki ndogo ya kumimina risasi. Alipiga moja, vizuri. Ikawekwa kwenye mfululizo. Msukumo ukaipandisha bunduki juu na kushoto, alikokuwa amesimama mkufunzi wake, askari wa zamani. Mkufunzi huyo alikufa. Mtoto yule hakufanya kosa lolote. Watu wazima walimpa kitu ambacho mikono yake haikuweza kukizuia.

Na hatari ya renji haiishi bendera inaposhushwa. Kaskazini mwa Kenya, Dol Dol na Archers Post, majeshi, likiwemo la Uingereza, yalifanya mazoezi kwa miongo kadhaa katika ardhi ambayo Wamasai na Wasamburu walichungia mifugo. Mabomu yasiyolipuka yalibaki kwenye nyasi, wachungaji wakayaokota au kuyakanyaga. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 waliojeruhiwa au kufiwa. Hapa kwetu, Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, wanafunzi watano waliuawa na zaidi ya 40 kujeruhiwa na bomu ambalo mwenzao aliliokota akidhani ni chuma chakavu. Lile halikutoka renji. Lakini mtoto anayeokota vyuma hajui tofauti, na kwa mnunuzi wa chuma chakavu vyote hupimwa kwa kilo.

Kwa miji yetu iliyozungukwa na miombo iko pia renji isiyo na bendera wala afande, nayo ni pori lenyewe. Jirani yangu mmoja, mrina asali, hana kidole gumba cha mkono wa kushoto. Gobore lilimpasukia. Silaha hii hujazwa kwa mbele: baruti, kitambaa, vipande vya chuma, vyote vikashindiliwa ndani ya bomba ambalo mara nyingi lilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa. Nilimuuliza kama hapakuwa na dalili. Alinyamaza kidogo, akasema lilikuwa limefanya ufa msimu uliotangulia, wakalikaza kwa waya wakaendelea nalo. Umiliki wa kitu kile bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na serikali mara kwa mara hutoa muda wa kusalimisha silaha kama hizo kwa hiari. Ningefurahi kuona muda huo ukitumiwa pia kuwauliza wanaozileta: imewahi kukupasukia? Ilikukosakosa vipi? Pale ndipo elimu ilipo, kwenye mikono yao.

Jambo linaloniuma zaidi, miaka yote hii, ni adhabu ya yule binti. Nilimweleza mzee mmoja wa kijiweni kwetu, mstaafu wa jeshi ambaye namheshimu, na yeye hakukubaliana nami. "Mwanangu, ukiwaruhusu makuruta kupiga kelele renji, itakuwa soko," alisema. "Mtu mwenye kidole kwenye triga akishtuliwa ndipo utakapozika." Ana hoja. Kelele ya ghafla inaweza kumshtua mpigaji. Lakini jibu la hoja hiyo ni kufundisha ile kelele. Kwata hufundishwa mpaka miguu inajua yenyewe. Neno moja nalo linaweza kufundishwa hivyohivyo, "Simamisha!", na kila anayelisikia ajue la kufanya bila kufikiri: kidole nje, mtutu kwenye shabaha, usiinuke. Viwanja vingi duniani vina utaratibu huu, na kwenye viwanja hivyo yeyote aliyepo, hata mgeni wa siku ya kwanza, ana haki ya kulitamka.

Tumelelewa kutomsahihisha mkubwa, na malezi hayo nayapenda. Yamefanya nyumba zetu zikalike. Mkubwa hastahili kukatwa kauli mbele ya watu. Lakini mkubwa aliyegeuziwa mtutu bila kujua anastahili zaidi kuambiwa, na anayemwambia ndiye aliyemheshimu kuliko sisi tuliolala kimya. Koplo wetu alirudi kwa watoto wake kwa sababu kuruta mmoja alikosa nidhamu kwa sekunde moja.

Kwa hiyo mpwa wangu nimemwambia hivi. Bunduki ikikugomea, usigeuke, hata afande akikuita kwa jina. Kidole nje, mtutu uache ulipo, inua mkono wa kushoto, subiri aje yeye. Ukiambiwa silaha ni salama, tazama mwenyewe kwenye chemba, maana magazini huweza kutoka na risasi moja ikabaki ndani. Na ukivuta koki kabla ya kutoa magazini, umeingiza nyingine. Ukimwona mwenzako anageuka na bunduki, paza sauti. Wakikuadhibu kwa hilo, ruka kichura chako bila kubishana, na siku utakayoruhusiwa simu unijulishe, nami nitakuja kambini kuzungumza na wakubwa wako.