Kiumbe Kimoja ni Kipi? Uyoga wa Vichuguuni na Swali la Umoja

Uyoga unaochomoza kwenye vichuguu vya Kasulo, na kwingineko Ngara na Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mvua zikishika, si kiumbe kizima. Ni sehemu ya kuzalia tu, kama embe lilivyo kwa mwembe. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zimetandaa chini gizani, na uyoga ukichumwa nyuzi hizo huendelea na maisha yake. Hapo ndipo linapoibuka swali la zamani la falsafa: kiumbe kimoja kinaanzia wapi na kinaishia wapi?

Kwa muda mrefu wataalamu walihesabu kuvu kuwa mimea. Mwaka 1969 mwanaikolojia wa Marekani, Robert Whittaker, aliitengea milki yake, na hoja yake kubwa ilikuwa namna ya kula. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, mnyama humeza, kuvu humwaga vimeng'enya nje ya mwili, huyeyusha kilichopo, kisha hufyonza. Usagaji wa chakula, ambao kwa mnyama hufanyika ndani ya tumbo, kwake hufanyika ulimwenguni. Mpaka wa ndani na nje unaanza kuyumba mapema kabisa.

Kichuguuni unayumba zaidi. Mchwa wakubwa wa jenasi Macrotermes hula miti mikavu na majani makavu, lakini peke yao hawawezi kuvunja vizuri lignini, ile sehemu inayoufanya mti uwe mgumu. Watenda kazi huvitafuna, huvipitisha haraka tumboni, na kwa kinyesi hicho hujenga masega ya rangi ya kahawia, yenye mikunjo na matundu kama sifongo. Juu ya sega huota kuvu ya Termitomyces, ikionekana kama vipunje vyeupe vidogo mno. Kuvu hulainisha mabaki hayo ya miti. Mchwa hula vipunje, na baadaye hula sega lenyewe kuanzia upande uliokomaa, huku wakiongeza malighafi mpya upande wa pili. Uyoga unaoliwa na watu hupanda kutoka kwenye masega hayo kwa shina refu linalopenya udongo mgumu. Kuvu hii haistawi porini bila mchwa, wala mchwa hawa hawaishi bila kuvu.

Ushirika huu ni wa kale. Katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, wanajiolojia wamechimbua viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, masega yakiwa bado ndani, vyenye umri wa miaka milioni 25 hivi. La kushangaza ni kwamba pamoja na ukale huo, katika jamii nyingi za mchwa hawa kumbikumbi huruka kuanzisha koloni bila kubeba kuvu. Watenda kazi wa kwanza ndio huipata nje, kwa vijimbegu vilivyotawanywa na uyoga wa vichuguu vingine. Basi viumbe viwili visivyoweza kuishi kimoja bila kingine hutengana na kukutana upya kila kizazi.

Falsafa iliyotoka kwa Aristotle ilizoea kuanza na kitu kimoja chenye kiini chake, mahusiano yakifuata baadaye. Kichuguu hakikubali mpangilio huo, kwa kuwa uhusiano ndio unaowaweka hai wote wawili. Karibu zaidi na Ngara, ng'ambo ya mto Kagera, padri na mwanafalsafa wa Rwanda Alexis Kagame aligawa vyote vilivyopo, katika kitabu chake cha mwaka 1956, katika makundi manne: wenye akili, vitu visivyo na akili, mahali na wakati, na namna ya kuwa. Mgawanyo huo una nguvu, ila kichuguu kinaujaribu kwelikweli. Kwa mtu apitaye ni kitu. Kwa kuvu ni mahali. Na ukitazamwa umoja wake, ni namna ya kuwa. Jibu linaloridhisha zaidi ni kwamba umoja wa kilicho hai ni kazi inayoendelezwa, wala si ngozi inayokizunguka. Kazi ikikoma, umoja nao huisha: mchwa wakihama au wakifa, kuvu nyingine iliyokuwa ikizuiwa, Xylaria, huyafunika masega kwa muda mfupi.

Wahubiri na waandishi wengi hupenda kuvuna hapa somo la upendo. Haifai kuharakisha. Kiota kimoja kwa kawaida hubeba aina moja tu ya kuvu yenye nasaba moja, na nyinginezo hung'olewa. Nako Kenya, mwaka 2004, sumu ya kuvu iliyoota kwenye mahindi iliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kuvu haina wema wala uovu. Mizani hiyo ni ya binadamu, ambaye Ukristo na Uislamu humfundisha kuwa amekabidhiwa dunia kama amana.

Amana hiyo haina budi kuhesabiwa upya. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, na Benaco, huko Kasulo, ikawa kambi kubwa ajabu kwa siku chache. Walihitaji kuni, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini miti ya miombo huishi kwa kuvu zinazozifunika ncha za mizizi yake: mti hutoa sukari, kuvu huleta maji na fosforasi. Panapofyekwa msitu, washirika hao hukosa chakula ardhini, ingawa hesabu huorodhesha magogo tu. Misonobari iliyoletwa Afrika Mashariki ilidumaa vitaluni mpaka miche ilipochanganyiwa udongo wenye kuvu kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua. Aliyepanda mche mtupu alikuwa amepanda nusu ya mti.